Pampu ya nje kwenye tangi la samaki la lita 375: maji yanatoka nusu, pampu inakwaruza. Kosa liko wapi?

#1 Chikongola_Mbuna
Wakuu, habari za jioni. Wataalamu wa mabomba naomba msaada.

Tangi ni sentimita 150 kwa 50 kwa 50. Kwa hesabu ya kioo ni lita 375, ila ukitoa mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 300. Ndani kuna mbuna wa Ziwa Nyasa, mawe yamerundikwa hadi karibu na uso wa maji. Lengo ni kuongeza mzunguko, maana uchafu unalala nyuma ya mawe upande wa kushoto na kanista (chujio la nje) peke yake haifiki huko.

Pampu ni ya sumaku, ya kufungwa nje, wati 40. Imeandikwa lita 3,000 kwa saa, kimo cha juu mita 2.5, yaani mwisho wa kupandisha maji. Imekaa shelfu ya chini ya stendi, kama mita 1.05 chini ya uso wa maji. Bomba ni PPR (plastiki ya kuchomea) ya milimita 25 mwanzo mwisho. Kioo hakijatobolewa: bomba la kuvuta linapanda juu ya ukingo, sentimita 12 juu ya maji, kisha linashuka hadi katikati ya kina. La kurudisha nalo linapita juu ya ukingo upande wa pili. Jumla mita 4 za bomba na elbo 8.

Shida ni tatu. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 48, sawa na lita 1,500 kwa saa, nusu ya kilichoandikwa. Pampu inakwaruza na inatema vipovu vidogo vidogo. Halafu umeme ukikatika ukarudi, kuna wakati pampu inazunguka tu bila kuvuta.

Niko Mtwara mjini, kwa hiyo kifaa cha kuagiza ni mpaka Kariakoo.

#2 Kifaru_wa_Ligula
Kimo hicho mkuu. Toka shelfu hadi ukingo ni zaidi ya mita moja. Pampu ya mita 2.5 ukishaipandisha hivyo umebaki na nusu. Tafuta ya mita 4 umalize kazi.

#3 Mwalimu_wa_Fizikia
#2 hiyo hesabu ni ya tangi lenye sampu chini, yaani tangi la pili linalopokea maji. Huku pampu inavuta tangini na kurudisha tangi lilelile. Uzito wa maji yanayoshuka bomba la kuvuta unalingana na uzito wa yanayopanda upande wa pili, kwa hiyo kimo cha kupandisha ni sifuri, hata ukiiweka pampu ghorofa ya chini. Kinachokula nguvu ni msuguano peke yake: bomba, elbo, koki, chujio.

Kwenye sampu mambo ni mengine. Hapo unahesabu wima toka uso wa maji ya sampu hadi uso wa maji ya tangi, halafu ndipo unajumlisha msuguano.

Swali kwa mleta uzi: wakati wa kupima, ndoo ilikaa wapi? Ikiwa sakafuni, bomba linageuka mpira wa kunyonyea, linaisaidia pampu na kipimo kinadanganya kwa juu. Ukiinyanyua juu ya tangi kinadanganya kwa chini. Mdomo wa bomba uwe usawa wa maji ya tangi.

#4 Chikongola_Mbuna
Ilikuwa juu ya meza, mdomo wa bomba karibu sawa na uso wa maji.

#5 FundiBomba_Mtanda
Basi 1,500 ni kweli, na mchawi ni hiyo PPR ya 25. Watu wengi wakisikia 25 wanadhani ni inchi moja. PPR hupimwa kwa nje. Ile nene ya maji ya moto, PN20, ukuta wake ni milimita 4.2 kila upande, ndani unabaki na 16.6. Ya 32 inakupa 21.2. Ili upate inchi moja ya kweli ndani kwa PPR inabidi ununue ya 40, yenye 26.6.

PVC ya 32 ukuta wake ni mwembamba, ndani inabaki kati ya 27 na 29 kutegemea daraja la shinikizo. Kwa kazi ya tangi la samaki PVC inaishinda PPR bila mjadala, na haihitaji mashine ya kuchomea.

#6 Mwalimu_wa_Fizikia
Fundi kamaliza. Niweke namba zake. Kwa lita 3,000 kwa saa, bomba la milimita 25 ndani linapoteza kama sentimita 12 za kimo kwa kila mita. La milimita 20 linapoteza 37. La 16.6 linapoteza 92. Kipenyo kinaingia kwenye hesabu karibu kwa kipeo cha tano, ndiyo maana kupunguza kidogo tu kunaumiza hivyo.

Elbo moja ya nyuzi 90 ni sawa na urefu wa bomba wa takriban mara 30 ya kipenyo cha ndani. Kwa 16.6 ni nusu mita. Elbo 8 ni mita 4, ongeza mita 4 za bomba lenyewe, jumla 8. Mara 92 unapata zaidi ya mita 7, na pampu ina 2.5. Kwa hiyo mtiririko unashuka hadi mahali nguvu ya pampu na msuguano vinakutana, na kwa makadirio ni pale pale kwenye 1,400 hadi 1,500.

Ukibadilisha kuwa PVC ya 32 kwa njia ileile, tegemea 2,400 hadi 2,600. Elbo za nyuzi 45 mbili mbili badala ya 90 moja zinaongeza kidogo, si sana.

#7 Kifaru_wa_Ligula
Mwalimu, nimeelewa ya kimo, ya sumu ya hesabu tuhurumie wengine tulikimbia umande.

Lakini namba hazielezi kukwaruza. Pampu kunyimwa maji upande wa kuvuta ndiyo hulia hivyo. Maji yanachemka kwenye impela (pangaboi la ndani ya pampu) kwa sababu ya mvuto, vipovu vinapasuka, vinakula plastiki. Ajaribu kupunguza koki ya upande wa kutoa. Sauti ikipungua jibu limepatikana. Na jamani koki isiwekwe upande wa kuvuta kwa ajili ya kupunguza maji. Ya upande huo ni ya kufungua wazi kabisa au kufunga wakati wa usafi, basi.

#8 Mwalimu_wa_Fizikia
Sehemu ya koki naunga mkono. Ya kuchemka siungi. Hewa ya usawa wa bahari inasukuma maji kwa nguvu ya kama mita 10 za kimo. Maji ya nyuzi 30 yanachemka shinikizo likishuka chini ya mita 0.43. Pampu ya mita 2.5 itoe wapi nguvu ya kuishusha 10 hadi 0.4? Hiyo ni hadithi ya pampu kubwa za umwagiliaji na za viwandani.

Vipovu vyake ni hewa, ama iliyokuwa imeyeyuka majini ama inayoingia mahali. Naona inaingia. Hesabu upande wa kuvuta peke yake: mita 1.7 za bomba na elbo 4, kwa 1,500 unapoteza kama sentimita 93. Ongeza 19 za mwendo wa maji ndani ya bomba hilo jembamba. Jumla 112, wakati maji juu ya pampu ni 105. Chujio likishika mwani kidogo, mdomo wa pampu uko chini ya shinikizo la hewa ya nje. Muungano wowote uliolegea pale hautavuja maji nje. Utanyonya hewa ndani, na wewe utauona mkavu, utausifia.

#9 FundiBomba_Mtanda
#8 hapo kwenye "mkavu" ndipo mafundi wengi hulala. Namna ya kuupata: zima pampu, acha dakika chache, pitisha tishu kavu kwenye kila muungano wa chini. Pampu ikiwa imezimwa pale pana shinikizo la maji ya mita nzima, palipo na ufa patalowesha tishu. Muungano wa juu, ule uliopita ukingo, tishu haiambii kitu kwa sababu uko juu ya uso wa maji. Muda wote unanyonya, pampu ikiwaka au ikizimwa. Huo unaupaka mafuta ya mgando pampu ikiwa inafanya kazi. Vipovu vikipungua ndani ya dakika, umeukamata.

PPR iliyochomwa vizuri haivuji. Panapovuja ni kwenye adapta ya meno inayoingia pampuni. Pampu nyingi za samaki zina meno ya plastiki, na mtu akiingiza adapta ya brasi akakaza kwa spana, plastiki inapata ufa wa unywele. Tefloni mizunguko 4 hadi 6, kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko tu. Baada ya hapo yunioni (kiungo cha kufunguka) yenye O-ringi, ili siku ya kusafisha usiguse yale meno tena.

#10 Nahodha_Mikindani
Nashangaa mmerukia hewa kabla ya kufungua pampu. Maji ya visima vya ukanda huu kwenye mwamba wa matumbawe yana chokaa. Mbuna wanayapenda, impela haiyapendi. Inaota ganda jeupe, inakosa mizani, inakwaruza. Toa impela, loweka kwenye siki saa moja, sugua kwa mswaki laini, safisha na tundu inamokaa. Angalia mhimili wa kauri: ukiwa na ufa au ukicheza, kelele haitaisha hata ukivuta maji kwa bomba la inchi 4.

#11 Chikongola_Mbuna
Impela ni safi, mhimili hauchezi. Pampu ni mpya. Asanteni, naendelea kusoma. Tishu nitaijaribu.

#12 Mjomba_wa_Shangani
Soma kibati cha pampu. Kama ni ya umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) na sisi tuko hezi 50, inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake. Mtiririko unakuwa asilimia 83, kimo asilimia 69. Hiyo 3,000 inageuka 2,500 na 2.5 inageuka 1.7 kabla hujaunga hata elbo moja. Vifaa vya mtumba na vya mtandaoni vingine ni vya nchi za hezi 60.

#13 Kifaru_wa_Ligula
Au volti zimeshuka. Jioni kila mtu akiwasha friji, 230 unaisikia redioni tu.

#14 Mwalimu_wa_Fizikia
#13 hapana. Pampu hizi ndogo za sumaku zinafuata hezi, hazifuati volti. Volti zikishuka inapoteza nguvu ya kuanza, inaweza kugoma au kutetemeka, lakini ikishazunguka mwendo ni uleule. #12 hoja yako inaweza kuwa kweli, na ikiwa kweli basi makadirio yangu ya #6 yanabadilika, maana nilichukulia kilichoandikwa ndicho kilichopo.

#15 Chikongola_Mbuna
Kibati: 220-240 V, 50/60 Hz. Hakisemi ile 3,000 ni ya ipi.

#16 Mjomba_wa_Shangani
Hapo sasa. Wakiandika zote mbili bila kutenganisha, namba inayopendeza ndiyo huwekwa kwenye boksi.

#17 Binti_Mitwero
Salaam wakuu. Mnajadili pampu, mimi naona kilio cha mleta uzi ni uchafu nyuma ya mawe. Lita 1,500 kwa maji 300 ni mara tano kwa saa, na kanista inaongeza juu yake. Kwa maji baridi mara nne hadi sita inatosha. Kinachokosekana ni uelekeo.

Mdomo wa kutolea unasukuma mbali, mdomo wa kuvuta hausogezi kitu. Zima mshumaa kwa kupuliza, kisha jaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi. Umbali wa kipenyo kimoja tu toka mdomo wa kuvuta, mwendo wa maji umeshabaki kama sehemu ya kumi. Kwa hiyo kama mdomo wa kutolea unapiga uso wa mawe, nyuma yake patabaki pamekufa hata ukileta pampu ya bwawa la kuogelea.

Sogeza mawe yaache nafasi ya sentimita 5 hadi 8 na kioo cha nyuma. Mawe ya chini yakae juu ya kioo moja kwa moja au juu ya kipande cha plastiki, yasikae juu ya mchanga, maana mbuna watachimba na rundo litaanguka. Kisha bomba la kutolea lilale nyuma, chini, lenye matundu yanayopuliza kwa urefu wa kioo kuelekea kulia. Uchafu utoke mbele ambako kanista inaudaka.

#18 FundiBomba_Mtanda
Dada kasema. Niongezee vipimo vya hilo bomba la matundu, watu huharibu hapo. Jumla ya eneo la matundu ikaribiane na eneo la ndani la bomba. Bomba la milimita 25 ndani lina milimita za mraba 491. Tundu la 6 lina 28. Kwa hiyo matundu 17. Ukitoboa 40 ya mwanzo yatatoa maji na ya mwisho yatatoa huruma. Ukitoboa 6 umeinyonga pampu. Ziba mwisho kwa kifuniko kisichogundishwa, ili uweze kulifua kwa brashi. Matundu yapigwe msasa ndani, makapi ya plastiki yakibaki yanashika mwani.

#19 Nahodha_Mikindani
Kwa kazi hiyo mbona msinunue kipulizi cha ndani cha sumaku? Wati 10 kinasogeza lita 4,000 na zaidi kwa sababu hakina bomba la kusukumana nalo. Wati 40 kwa siku ni yuniti 0.96. Wati 10 ni 0.24. Kufunga mabomba yote hayo kwa ajili ya kusogeza maji mita moja ni ufahari.

#20 Binti_Mitwero
Kwa tangi la mawe kina kasoro. Kinarusha mkondo mpana mbele, hakiingii kwenye upenyo wa sentimita 5 nyuma ya mawe. Ukikiweka humo hukioni, hukisafishi, na waya uko ndani ya maji. Kwa tangi la wazi nakubaliana na wewe nahodha.

#21 Mpwa_wa_Mnazi
Samahani kuingilia. Mimi nataka kuanza la maji ya bahari. Hii pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, nusu hosipawa, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi hapa. Nikiifunga inafaa?

#22 FundiBomba_Mtanda
Haifai mpwa. Ya aina hiyo mwisho wake ni kama lita 35 kwa dakika, lakini kimo chake cha juu ni kama mita 35, imetengenezwa kupandisha maji, si kuyazungusha. Inakula angalau wati 370, saa 24 ni yuniti 8.9 kwa siku au zaidi, na joto lake linaingia majini. Impela yake ni brasi na nyumba yake ni chuma cha kuyeyushwa. Maji ya bahari yatakula vyote viwili.

#23 Mjomba_wa_Shangani
Na brasi ni shaba na zinki. Shaba kidogo tu ikiingia majini, kamba, konokono, kiti cha pweza na matumbawe ndio wa kwanza kufa, samaki wanafuata kama ikizidi. Kwa maji ya bahari kila kinachogusa maji kiwe plastiki, kauri au titani. Chuma cha pua cha 304 kinashika kutu, 316 kinavumilia zaidi. Hata zile adapta za PPR zenye meno: nje inaonekana nikeli inang'aa, ndani ni brasi. Mleta uzi wa maji baridi hatadhurika haraka, wewe utadhurika.

Mzunguko nao ni habari nyingine. Matumbawe yanataka mara 10 hadi 20 kwa saa, mengine zaidi, na mkondo uwe unabadilika, usipige sehemu moja siku nzima.

#24 Mpwa_wa_Mnazi
Nimeelewa wajomba. Na matumbawe nikipiga mbizi Msimbati napata bure.

#25 Mjomba_wa_Shangani
Bure hiyo ina kesi. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Msimbati iko humo. Anza na samaki wawili na mawe makavu, mpwa.

#26 Kifaru_wa_Ligula
Mpwa asubiri mnada wa korosho, anunue titani. Kwa sasa ale ming'oko, vile viazi vya porini.

#27 Nahodha_Mikindani
Kifaru tangu #13 huna hoja, unachoma ming'oko tu.

Turudi kwenye shida ya tatu, wote mmeiruka. Umeme ukirudi pampu haivuti. Hilo ndilo litakaloua samaki, kelele haiui. Maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7.5. Kwa joto la pwani na mbuna wengi, mzunguko ukisimama usiku mzima huna akiba kubwa.

Chanzo ni lile bomba la kuvuta kupita juu ya ukingo. Pampu hizi hazijivutii maji zenyewe, lazima zikute maji mdomoni. Hewa ikijikusanya pale juu, nguzo ya maji inakatika, pampu inakoroga kilichobaki tumboni. Dawa ni kutoboa kioo, tanki konekta (kiungo cha kupitisha bomba kwenye tundu), maji yashuke yenyewe.

#28 Binti_Mitwero
Kutoboa tangi lenye samaki tayari? Na kama kioo kimechomwa kikawa kigumu, kikiguswa na drili kinamwagika chote. Kwanza aweke skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya kioo, aangalie kwa miwani ya jua ya polaroidi. Akiona madoa au michirizi ya giza, asiguse.

#29 FundiBomba_Mtanda
Kioo cha kawaida kinatobolewa, tangi likiwa tupu. Msumeno wa duara wa almasi, saizi ya konekta yenyewe: ya inchi moja nyingi zinataka tundu la 44 au 45, pima yako kwanza ndipo ununue msumeno. Toka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo pabaki angalau kipenyo cha tundu. Bana kipande cha plaiwudi chenye tundu kama mwongozo, bandika tepu upande wa pili, drili mwendo wa chini, maji yanatiririka muda wote, usikandamize. Ukikaribia kutoka upande wa pili legeza mkono zaidi, hapo ndipo vipande vinapobanduka.

Gasketi ikae upande wa kola ya konekta, ndani ya tangi. Usipake silikoni juu ya gasketi, inateleza. Kaza kwa mkono na robo.

Tundu liwe sentimita 25 toka chini, lisiwe chini kabisa. Yunioni ikipasuka usiku, nusu ya maji inabaki na samaki wanapumua. Baada ya konekta koki ya mpini, kisha yunioni, kisha pampu. PVC kata wima kwa msumeno wa chuma, ondoa makapi, piga msasa, gundi pande zote mbili, ingiza huku unazungusha robo, shikilia nusu dakika. Subiri saa 24, suuza mara mbili kabla ya samaki.

#30 Mwalimu_wa_Fizikia
Kabla ya kutoboa kuna njia ya bei ndogo. Kwenye kilele cha lile bomba weka tii (kiungo cha njia tatu), juu yake koki ndogo na kimpira cha hewa. Hewa yote iliyo pale, kwa bomba la 16.6 na urefu wa sentimita 30, ni mililita 65. Bomba la sindano la mililita 60 linaitoa kwa mivuto miwili, unafunga koki, unawasha. Akihamia PVC ya 32 hewa itakuwa karibu mililita 180, ni mivuto mitatu. Na mdomo wa kuvuta ukae sentimita 15 au zaidi chini ya uso, usije ukafanya kisulisuli cha maji kikanyonya hewa toka juu.

#31 Nahodha_Mikindani
Na umeme ukirudi saa nane usiku nani atashika sindano? Tii nayo ni muungano mwingine wa kunyonya hewa, palepale ambapo #9 kasema hapaonekani.

#32 Mjomba_wa_Shangani
Valvu ya kuzuia maji yasirudi mnaionaje?

#33 FundiBomba_Mtanda
Kwa mzunguko wa tangi moja haina kazi, maji hayana pa kurudi, pande zote ni usawa mmoja. Na ya springi inakula kimo ambacho hana. Ya sampu ndiyo inahitaji, na hata huko tundu la milimita 4 kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji, ni la uhakika kuliko valvu, maana konokono mmoja akikwama kwenye ulimi wa valvu sebule inaoga. Tundu lenyewe lisafishwe, likiziba halipo.

Ambacho hakijatajwa ni umeme. Pampu ya nje iko chini ya maji lita 300. Swichi ya kukata umeme unapovuja, miliampea 30, iwepo. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni.

#34 Chikongola_Mbuna
Nimepitisha tishu. Miungano ya chini yote mikavu. Mafuta ya mgando juu: vipovu vimepungua, kukwaruza kupo vilevile. Nilipobana koki ya kutolea hadi nusu sauti ilishuka.

#35 Kifaru_wa_Ligula
#7. Sisemi zaidi.

#36 Mwalimu_wa_Fizikia
Usisherehekee. Ukibana koki ya kutolea, mwendo wa upande wa kuvuta unapungua, mvuto unapungua, hewa inayonyonywa inapungua. Jaribio lako linakubali maelezo yote mawili. Atenganishe: atoe chujio na zile elbo 4, mpira mfupi wa inchi moja toka ndoo iliyowekwa juu ya kiti hadi pampuni. Kelele ikibaki, ni pampu. Ikiisha, ni bomba.

#37 Nahodha_Mikindani
Au ni shelfu. Pampu imekaa juu ya mbao tupu na PPR ngumu inapeleka mtetemo hadi kwenye kioo. Kabla ya ndoo na kiti, aweke kipande cha ndala chini ya pampu na sentimita 20 za mpira laini kila upande, klipu mbili mbili.

#38 Binti_Mitwero
Mawe yameshasogezwa au bado?

#39 Chikongola_Mbuna
Mawe Jumamosi. PVC ya 32 nimeipata duka la vifaa, elbo za 45 hakuna, wana za 90 tu. Kupinda kwa moto je, badala ya elbo?

#40 FundiBomba_Mtanda
Inapindika. Jaza mchanga mkavu ndani, ziba ncha zote, pasha kwa hewa ya moto huku unazungusha, usitumie moto wa jiko la mkaa, unaunguza upande mmoja na moshi wake ni sumu. Kona iwe pana, nusu kipenyo cha kona hiyo kisipungue mara 5 ya kipenyo cha nje cha bomba, ishikilie hadi ipoe. Ncha za kugundisha usiziguse na joto, zikipoteza duara gundi haitashika.